Nipe Mji

Uraibu wangu hauna gharama: daftari la mirabamiraba, penseli mbili, na ufutio unaochakaa kabla ya vyote. Natunga mafumbo ya maneno, na mwaka huu mzima yamekuwa ya karata za taroti. Shangazi alipoziona zimetandazwa mezani akaniuliza kama siku hizi napiga ramli. "Sivyo, shangazi, natafuta neno la herufi tano." Akanitazama tu, akaenda zake jikoni.

Taroti yenyewe haikuzaliwa kwa ramli. Ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, mchezo wa karata kama michezo mingine. Ramli ilikuja kushikamana nayo huko Ufaransa, karne ya 18 ikielekea ukingoni. Mimi natumia zile zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kuchapishwa London mwaka 1909. Ziko 78, na 22 kati yake zina majina yanayojitosheleza: Jua, Mwezi, Nyota, Mnara, Haki, Dunia. Mtunzi wa mafumbo atake nini tena?

Kumbe utamu ulikuwa kwenye zile 56 zilizobaki. Hizo zina aina nne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Mreno huziita copas, espadas, ouros na paus. Yatamke majina hayo barazani na wacheza karata wote watageuka: kopa, shupaza, uru, pau! Karata zetu zina picha ya moyo, lakini jina tulilolichukua kwa Wareno ni la kikombe. Na mzee anayeibamiza shupaza mezani mpaka kahawa inamwagika, ameshika upanga wala hana habari.

Tangu hapo vidokezo vyangu vilibadilika. KOPA: "Kikombe cha Mreno, moyo wa Mswahili, siku ya kulipa usijifiche." PAU ni fimbo kwenye karata na miti ya kuezekea kwenye nyumba. URU lilinimalizia jioni nzima. Karata ya taroti ikitoka kichwa chini, wapiga ramli huisoma kwa maana nyingine. Lakini uru, lianzie kulia au kushoto, ni lile lile. Tena kuna Uru ya migomba, kule Moshi. Nikaandika: "Dhahabu ya Mreno, migomba ya Mchaga, hata ukiipindua." (Fumbo la Arthur Wynne, lile la gazeti la New York World la tarehe 21 Desemba 1913 ambalo ndilo mama wa haya yote, lilichorwa kwa umbo la uru. Sikulipanga mimi hilo.)

Kuyapachika maneno ndiyo kazi hasa. Kiswahili huishia kwa irabu karibu kila neno. Fumbo langu la kwanza nililipanga kama yale ya magazeti ya Kiingereza, maneno ya mlalo yakikoma pamoja kwenye ukingo wa kulia. Kufika ukingoni, safu ya wima ikasomeka A, I, A, A, U. Labda ni mtu anapiga miayo. Nikafuta lote. Siku hizi nayaacha yakome kwa ngazi, hili mapema, lile mbele kidogo. Nyota inashuka kutoka herufi ya pili ya Mnara, kisha Dunia inakuja kutulia kwenye A ya mwisho ya Nyota. Irabu ile ile iliyonitesa ndiyo sasa inayofunga kona. Kufukua kamusi ili kuziba pengo kwa neno ambalo hata bibi hajalisikia, hapana. Huo ni uonevu.

Imebaki karata ya 13. Kwenye taroti kongwe za Marseille kwa kawaida haikuandikwa jina, nami hapa sitaliandika. Smith alimchora mwenyewe amepanda farasi mweupe. Siku tatu nilimtafutia kidokezo nisikipate, mpaka nikiwa ndani ya matatu, barabara ya Nanyuki kwenda Meru, nikainua macho kwenye bango. Nilicheka peke yangu, abiria wa pembeni akajisogeza dirishani.

Kwenye vitendawili anayeshindwa ndiye hutoa mji. Safari hii mji nautoa mimi: Timau, kichwa kiende mkiani. Herufi 5.