Unywele Katika Koti: Uhakiki wa Wimbo "Fio de Cabelo"

Mnamo mwaka 1982, Chitãozinho na Xororó, ndugu wawili wenyeji wa jimbo la Paraná nchini Brazili, walitoa santuri yenye wimbo "Fio de Cabelo", yaani "Unywele", uliotungwa na Marciano na Darci Rossi. Santuri hiyo iliuzwa nakala zaidi ya milioni 1. Wapo wahakiki wanaodai kwamba kwa mafanikio hayo muziki wa mashambani, uitwao sertanejo, ulisalitiwa: shamba, mto na ng'ombe vikayapisha mapenzi ya mjini. Dai hilo lastahili kupimwa kwa kuuchunguza wimbo wenyewe.

Kimaudhui, wimbo wamhusu mwanamume aliyeachwa. Hata hivyo, mtunzi hamwachi mhusika alie ovyo, bali amwonyesha vitu vitatu: gauni kuukuu, manukato yaliyosalia chupani, na hatimaye unywele mrefu ulionasa katika koti. Mpangilio huu si wa bahati. Gauni liligusa mwili, manukato yalitoka mwilini, lakini unywele ni sehemu ya mwili wenyewe. Kadiri kitu kinavyopungua ukubwa ndivyo uchungu unavyozidi. Huku kuisemea huzuni kwa kitu kinachoshikika mkononi ndiko desturi ya mtunzi wa mashambani. Kilichobadilika ni kitu tu. Koti ni la mjini, jicho ni la mkulima.

Kifani, mahadhi ya wimbo ni ya guarania, mtindo wa polepole ulioasisiwa na José Asunción Flores nchini Paraguai mwaka 1925, ambao waimbaji wa mashambani wa Brazili walikuwa wameupokea zamani. Aidha, sauti mbili za ndugu hao huandamana sambamba, kama ilivyo ada ya waimbaji wawili-wawili wa sertanejo. Hivyo upweke wa mtu mmoja huimbwa na watu wawili, na msikilizaji huhisi kwamba msiba huo una mwenzi.

Dosari ya wimbo ni kwamba mwanamke hana sauti. Twamjua kwa mabaki yake tu. Sababu ya kuondoka kwake haielezwi. Hilo ndilo lingalistahili lawama, wala si koti. Kwa jumla, "Fio de Cabelo" haukuyakana mapokeo yake. Uliyahamishia katika chumba cha kulala, na humo yakaendelea kuishi.