Jini Hakuwekwa Huru

Agosti 2014 nilikuwa darasa la nane, na habari ya kifo cha Robin Williams ilinipata ndani ya matatu. Mtangazaji aliisoma mbiombio kisha akarudi kwa stori ya jam. Mimi nilimjua kama yule mama wa Mrs. Doubtfire, kwenye DVD ya hamsini bob ambayo mjomba alileta kutoka tao. Ilikuwa inakwama kila ikifika pale anapotumbukiza uso kwenye keki. Mwisho wake nilikuja kuuona nikiwa kampasi.

Wakati huo wale wa Oscar waliweka Twitter picha ya Aladdin akimkumbatia jini, na maneno machache ya kumwambia jini kwamba sasa yuko huru. Watu waliisambaza kwa maelfu wakilia. Wanaofanya kazi ya kuzuia watu kujiua walilalamika, na walikuwa na haki. Ukimwambia mtu aliyelala macho wazi saa tisa usiku kwamba kufa ni kufunguliwa minyororo, umemwambia nini hasa?

Lakini picha ile ilinikera pia kwa sababu nyingine. Ilikuwa uhakiki mbaya. Ilimfanya Robin kuwa yule mchekeshaji wa hadithi zote, mwenye huzuni iliyojificha nyuma ya kicheko, kana kwamba ugonjwa ndio uliomwandikia vichekesho.

Sikiliza sauti yake kwenye Aladdin. Ndani ya sekunde chache anapita watu watano, kila mmoja na lafudhi yake, na hakuna anayegongana na mwenzake. Hiyo si akili iliyopasuka bana. Huyo ni mtu aliyesomea uigizaji Juilliard akaendelea kufanya mazoezi maisha yake yote. Halafu tazama Good Will Hunting, muvi iliyompa Oscar. Kwenye ile benchi ya bustani Boston hafanyi chochote. Anaongea polepole, mikono imetulia, na kijana aliye kando yake anakosa pa kujificha. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote, kwa sababu unaona kwamba ile kasi alikuwa anaichagua. Angeweza kuizima akitaka.

Mwishowe hakuweza kuchagua tena. Mei 2014 aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Baada ya kifo chake madaktari walikuta ubongo wake ulikuwa umeenea ugonjwa wa Lewy, unaoharibu kumbukumbu, usingizi na mwendo, na kuleta hofu isiyo na sababu. Mjane wake, Susan, alieleza hayo mwaka 2016 katika jarida la madaktari la Neurology. Akiigiza Night at the Museum ya tatu, Robin alishindwa kukumbuka hata mstari mmoja, ilhali miaka mitatu tu kabla alikuwa amecheza jukwaani Broadway akiwa na mamia ya mistari bila kukosea. Kwa hivyo usiniambie ugonjwa ulimpa kipaji. Ulikuja kukichukua. Huzuni na pombe alikuwa amepambana nazo tangu zamani, na alizungumza kuzihusu waziwazi. Na vichekesho alivifanya licha ya hizo zote.

Nasema hivi nikiwa mtu aliyekuwa mchekeshaji wa hosteli. Mwaka wa pili nilikuwa naamka saa kumi jioni, naingia rumu ya jirani, nawavunja mbavu mpaka usiku wa manane, narudi kitandani na viatu. Mitihani ya semista ile sikufanya hata mmoja. Nilipofunganya, mse mmoja tuliyepatana sana aliniuliza, "Lakini si wewe ndiye ulikuwa unatuchekesha?" Hakuwa na ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini hivyo, kwamba mtu anayechekesha yuko sawa.

Na hata ningetaka kusema, ningesemea wapi? Hapa kwetu kifungu cha 226 kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na ungeweza kufungwa mpaka miaka miwili. Mahakama Kuu iliamua kwamba kinakiuka Katiba Januari 2025. Mimi nilikuwa nimeshaacha chuo kitambo.

Kuna muvi yake ya 2009 ambayo wengi hawajaiona, World's Greatest Dad. Anaigiza mwalimu ambaye mwanawe, kijana asiyependwa na mtu, anakufa kwa ajali. Baba anaona aibu, anaibadilisha ionekane kijana alijiua, na anamwandikia barua ya kuaga. Ghafla shule nzima inampenda marehemu. Wanaomtukana juzi wanavaa picha yake kifuani. Inachekesha vibaya, na miaka mitano baadaye ikawa ni kama alikuwa amewajibu mapema wale wa Twitter.

Juzi nilimwekea mamangu Mrs. Doubtfire kwa laptopu. Pale kwenye keki haikukwama. Mathe alicheka mpaka akajifuta machozi na leso, nami nikaanza kumwigiza yule mama, sauti na mikono. Akacheka tena. Kisha akapunguza sauti ya laptopu, akaniangalia, akaniuliza kama siku hizi napata usingizi.