Anayeijua Tovuti Nzuri Huanza kwa Kuiacha

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu 45 kazi iliyoonekana rahisi. Kumi walikuwa wanahistoria, kumi wahakiki wa taarifa, na 25 wanafunzi wa chuo hicho. Waliwekewa kurasa mbili kuhusu uonevu shuleni, waseme upi unaaminika zaidi. Mmoja ulitoka American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto kilichoanzishwa mwaka 1930 chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Wa pili ulikuwa wa American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002 kwa kupinga wapenzi wa jinsia moja kulea watoto.

Wanafunzi wengi walikichagua kikundi kidogo. Baadhi ya wanahistoria, watu waliozeeka na nyaraka, nao waliyumba.

Wahakiki wote kumi walipatia. Hawakuwa wasomaji makini kuliko wenzao. Walitumia sekunde chache tu, wakauacha ukurasa na kwenda kutafuta kwingine wenye tovuti hiyo ni akina nani. Wanafunzi walibaki palepale wakikagua nembo, marejeo na lugha ya kitaalamu, vitu ambavyo mwenye tovuti huvipanga apendavyo.

Hata alama ya kufuli kwenye kivinjari imepewa heshima isiyostahili. Inaeleza tu kwamba mawasiliano kati ya msomaji na tovuti yamefichwa wengine wasiyasome. Cheti chake hupatikana bure, na tapeli anacho.

Anwani ina habari zaidi, mradi isomwe kuanzia mwisho wa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza unaolifuata. Mwisho wa .go.tz ni wa taasisi za serikali ya Tanzania, kama .go.ke ulivyo kwa Kenya. Anayetafuta kazi akiona ajira-go-tz.com anapaswa kushtuka: hapo mwisho ni .com, na jina la namna hiyo mtu yeyote hulinunua. Mwisho wa .org nao hauna mlinzi mlangoni. Kwa miaka mingi martinlutherking.org iliendeshwa na Stormfront, mtandao wa wabaguzi wa rangi ulioanzishwa na Don Black, aliyewahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan. Mwanafunzi aliyekwenda kumsoma Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, aliletewa sumu dhidi yake, na jina la mwenyeji lilikuwa limeandikwa chini kabisa ya ukurasa.

Tovuti bora haimrudishi nyuma msomaji anayetaka kuipekua. Africa Check, iliyoanza mwaka 2012, huweka viungo vya nyaraka ilizozitumia. Viungo hivyo vifunguliwe, kwani kwingineko kiungo huweza kumpeleka msomaji kwenye waraka usiosema kabisa kinachodaiwa. Ukurasa uliobadilishwa kimyakimya mara nyingi hunaswa na Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Mwandishi mwadilifu humpunguzia msomaji safari hiyo: huandika palepale kosa lilikuwa lipi na lilirekebishwa lini.