Chungu Hakina Kina: Namna ya Kulaza Mimea ya Vyunguni Huko Kianjai

Mmea unaopukutisha majani yote wakati wa ukame haujafa, bali umelala, yaani umesimamisha ukuaji, umepunguza upumuaji, na umehifadhi chakula ulichotengeneza wakati wa mvua katika kiungo maalumu. Kwa Scadoxus, ambayo kichwa chake chekundu cha mviringo huchomoza mvua zinapoanza, kiungo hicho ni tunguu, yaani shina fupi lililozungukwa na magamba mazito yenye akiba kama ilivyo kwa kitunguu. Kwa Gloriosa, inayotambaa kwa ncha za majani na kutoa maua ya rangi ya moto, ni kiazi. Na kwa Adenium, waridi la jangwani, ni shina lililovimba karibu na ardhi. Zote tatu ni mimea ya asili ya Kenya, na zote hupandwa vyunguni.

Maelekezo mengi ya utunzaji wa mimea hii yameandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, ambako mwaka hugawanywa kwa joto na baridi, na urefu wa mchana hubadilika sana kati ya msimu na msimu. Kianjai, iliyoko kaunti ya Meru kwenye eneo la vilima vya Nyambene, imo karibu mno na ikweta kiasi kwamba mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima, na kwa hiyo urefu wa mchana hauwezi kuwa ishara kubwa ya kuuambia mmea ulale. Ishara iliyopo ni maji. Hata saiklameni, ua la nchi za Mediterania linalojulikana kwa kulala majira ya joto, hufuata kanuni hiyohiyo, kwa kuwa kwao mvua hunyesha wakati wa baridi na ukame huja pamoja na joto. Kalenda ya Kiswahili ya masika, kipupwe, vuli na kiangazi, iliyojengwa juu ya mvua na pepo, humfaa mtunzaji wa Kianjai kuliko kalenda yoyote iliyoazimwa.

Hata hivyo, mvua pekee haielezi kwa nini mmea unaostahimili ukame porini hufa ukiwa chunguni. Porini, tunguu hukaa chini ya tabaka la udongo ambalo halipati joto lote la mchana wala halikauki upesi, ilhali chungu hupigwa na jua kwenye kuta zake zote, na mkebe wa bati au ndoo nyeusi ya plastiki hupasha udongo hadi katikati. Chungu hakina kina, na kazi yote ya mtunzaji ni kuufidia mmea kina hicho kwa kivuli, kwa udongo unaopitisha maji, na kwa kujizuia kumwagilia.

Udongo mwekundu wa volkano wa Nyambene una rutuba, lakini una mfinyanzi mwingi unaoshika maji muda mrefu, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mwingi wa mto, kokoto ndogo na samadi kidogo iliyooza kabisa. Majani ya chini yanapoanza kugeuka manjano mwishoni mwa mvua, maji hupunguzwa hatua kwa hatua, na majani hayakatwi yakiwa bado na rangi ya kijani, kwa sababu katika siku hizo mmea unarudisha sukari na madini kutoka kwenye jani hadi kwenye akiba. Manjano yanayoambatana na shina laini au harufu mbaya si usingizi bali ni uozo.

Vipindi viwili vya ukame vya Kianjai huleta hatari zinazopingana. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, hatari ni kunyauka, hivyo chungu huwekwa chini ya mti au upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, mbali na sakafu ya saruji, na Adenium iliyoanza kukunjamana hupewa maji kidogo. Wakati wa kipupwe, kuanzia Juni, mawingu na ubaridi huchelewesha ukaukaji, na maji yaleyale machache yaliyookoa mmea mwezi wa Februari hubaki yakiizunguka mizizi isiyofanya kazi, na kuvu huiozesha. Kipimo cha kuaminika ni kuinua chungu na kulinganisha uzito wake, au kuchomeka kijiti kikavu hadi chini na kukitazama kikitolewa.

Kuamsha huhitaji subira zaidi kuliko kulaza. Mmea usio na majani hauna vitundu vya kutosha vya kutolea mvuke, hivyo humwagiliwa maji mara moja kwa ukamilifu chipukizi linapoonekana, kisha husubiriwa hadi jani lifunguke ndipo umwagiliaji wa kawaida na mbolea virejee. Kiazi cha Gloriosa hushikwa kwa uangalifu, kwa sababu jicho lake liko nchani na ncha ikivunjika kiazi kinaweza kukosa kuchipua.

Viungo hivi vya akiba vinahitaji ulinzi wa namna nyingine pia. Kiazi cha Gloriosa kina kolkisini, sumu inayoua, na hufanana kiasi na kiazi cha kuliwa, nao utomvu wa Adenium umewahi kupakwa kwenye mishale ya wawindaji wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo vyungu vilivyolala huwekwa alama na kuwekwa mbali na watoto na mbuzi. Alama hiyo ina faida ya pili: humkumbusha kila mwenye kupita na kopo la maji kwamba ndani ya udongo ule mkavu mna uhai, na kwamba maji anayotaka kuumwagilia kwa huruma ndiyo yanayoweza kuukatiza.