Sahihi ya Fanani: Utendi wa Mwindo na Mkutano wa Mtunzi na Wapenzi Wake

Imezoeleka siku hizi kuona mtunzi wa hadithi za ajabu akiketi nyuma ya meza, wapenzi wake wakapanga foleni, na kila mmoja akaondoka na kitabu kilichotiwa sahihi. Mwandishi wa makala haya alihudhuria hafla moja ya namna hiyo, akiwa msomaji wa miaka mingi wa mtunzi aliyehusika. Alisimama karibu saa nzima. Alipofika mbele ya meza aliulizwa jina lake, akalitaja, likaandikwa, akampisha aliyemfuata. Maswali aliyokuwa ameyabeba tangu ujanani alirudi nayo nyumbani.

Makala haya hayakusudii kuilaumu desturi hiyo. Yanakusudia kuuliza swali linalotokana nayo: sahihi ya mtunzi ni kitu gani, na huwekwa wapi? Tutalijibu kwa kuutazama utendi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa Walikale.

Utendi huo uliimbwa mwaka 1956 na Candi Rureke kwa muda wa siku 12, ukaandikwa neno kwa neno, ukachapishwa mwaka 1969 na University of California Press. Majina yaliyo juu ya jalada ni ya wahariri na wafasiri wake, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Msomaji anayempenda Mwindo akitaka kitabu chake kitiwe sahihi, ampelekee nani?

Kwa desturi ya Wanyanga, fanani wa utendi huitwa she-karisi, na Karisi ni pepo anayeaminiwa kumpa fanani uwezo wa kuimba. Fanani huimba, husimulia, hucheza na kuigiza. Wasaidizi wake hupiga mti kwa vijiti na kuitikia. Hadhira nayo huitikia, humtia moyo na kumtunza. Kwa kawaida haimbi kisa chote mfululizo, bali huchagua sehemu. Rureke mwenyewe alieleza kwamba hakuwa amewahi kuumaliza utendi mzima katika siku zinazofuatana. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Katika hafla ya leo, msomaji hukutana na mtunzi baada ya kazi kukamilika; mwaka 1956, mkutano wenyewe ndio uliouleta utendi mzima duniani kwa sura tunayoijua.

Rureke aliuacha mkutano huo ndani ya matini. Mara kwa mara hukikatiza kisa na kumwambia mwandishi asonge mbele. Msomaji mwenye haraka atayaona maneno hayo kuwa makombo ya siku ya kuandika, yasiyohusiana na Mwindo. Sisi tunashikilia kwamba hiyo ndiyo sahihi ya fanani. Haikutiwa kwenye ukurasa wa kwanza baada ya kazi kwisha. Imo katikati ya kazi, na kila mara inaelekezwa kwa mtu aliyekuwapo.

Hoja hii hupata nguvu tukiilinganisha na sahihi ya pili, ile ya shujaa. Mwindo anazaliwa akicheka, akisema na kutembea, na mkononi anao usinga wake, conga. Hujiita Kabutwakenda, yaani mdogo aliyezaliwa akaenda. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuitambua *-enda*, wala kiambishi *-w-* cha kutendwa. Jina hilo hulirudia kwa majigambo popote aendapo: mbele ya baba yake Shemwindo aliyetaka kumwua, na hata kuzimu kwa Muisa alikomfuata baba huyo. Linamfaa mpaka anapomwua Kirimu, joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Hapo Nkuba humpandisha mbinguni, naye hukaa huko mwaka mzima akiteswa na kufundishwa. Anarudi kuwa mtawala mwenye sheria, si mtu wa kujisifu tena.

Kwa hiyo utendi wenyewe hupambanua kati ya kujitaja na kujitaja. Shujaa hujitaja ili ajikweze, naye huadhibiwa. Fanani, ambaye anapoimba hushika conga kama shujaa wake, hujidhihirisha kwa kumsemesha mwenziwe, na kazi huendelea. Anayeyafuta maneno ya fanani ili abaki na kisa kitupu huondoa nusu ya hukumu hii.

Huenda ikasemwa kwamba bila kitabu tusingekuwa na la kujadili. Ni kweli. Tangu machafuko ya Machi 1993, yaliyoanzia Ntoto katika Walikale yakaenea Masisi, vita vimewahamisha watu mara nyingi, na baraza za jioni zimevunjika pamoja na vijiji vyake. Wanafunzi wanaotujia kutoka wilaya hizo mbili wengi hulijua jina la Mwindo. Waliomsikia akiimbwa ni nadra. Kitabu kimehifadhi kile ambacho barabara ya Sake, Masisi na Walikale haikuweza kukilinda. Tena Mateene, mwana wa Wanyanga na mwanaisimu, alishiriki kukitoa, na jina lake kwenye jalada ni la haki.

Hata hivyo, hifadhi ina wajibu wake. Atakayeufasiri utendi huu kwa Kiswahili, au kuufupisha kwa ajili ya shule, atashawishika kuanza kwa kuondoa sauti ya Rureke, maana haimwongezei Mwindo pigo hata moja. Tunamsihi asiiondoe. Mwandishi wa makala haya alirudi kutoka kwenye hafla ile na jina lake limeandikwa vizuri kitabuni, lakini halikuwamo katika hadithi. Yule aliyeketi na kalamu mbele ya Rureke mwaka 1956 yumo ndani yake hadi leo, na bado anaambiwa asonge mbele.