Malezi, Nafsi na Usadikifu wa Mhusika: Rosa na Maimuna

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kueleza anguko la mhusika kwa malezi yake. Rosa, katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, huchukuliwa kuwa zao la ukali wa Zakaria. Maimuna, katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, huchukuliwa kuwa zao la kufungiwa ndani na Maksuudi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Iwapo chanzo kimoja huzaa tokeo moja, mabinti hawa wangepaswa kufanana hadi mwisho. Hawafanani: Rosa anajiua, ilhali Maimuna anazama katika ukahaba na ulevi, kisha anaanza maisha upya.

Tofauti hiyo ndiyo inayohitaji kuelezwa kisaikolojia. Rosa anapigwa na babaye kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo hicho kinamzoeza kujitazama kwa jicho la baba, na jicho hilo linamfuata hata anapokuwa shuleni, mbali na nyumbani. Ndiyo maana uhuru wake huchukua sura ya uasi, na kila uasi humwongezea hatia. Deogratias anapomwacha baada ya kugundua kwamba si bikira, hukumu yake si ngeni: Rosa amekwisha kuibeba miaka mingi. Hapo ndipo kifo chake kinaposadikika.

Kwa Maimuna, kizuizi kiko nje ya nafsi. Maksuudi amemnyima ulimwengu, naye anautorokea kwa msaada wa Farashuu, mwenye kisasi chake mwenyewe. Anatoka akiwa na hamu ya kuona, bila uzoefu wa kupima anachokiona. Makosa yake ni ya mtu asiyejua. Kwa hiyo kujifunza kwake, na hatimaye kuolewa na Kabi, hakumshangazi msomaji.

Usawiri wa Rosa hudhoofika pale msimulizi anapogeuka mshauri wa wazazi, kwani hapo mhusika hubaki kielelezo cha somo. Mhakiki anayemtumia Freud ili kumpachika mhusika jina la ugonjwa hurudia kosa hilohilo. Malezi yanaonyesha mhusika alikotoka tu. Usadikifu wake hutegemea namna nafsi yake ilivyoyapokea malezi hayo, na jambo hilo halithibitiki ila kwa kufuatilia matendo yake, moja baada ya jingine, ndani ya matini.