Piramidi ya Wakenya Kwenye Jukwaa la London

Mwaka 1768 Philip Astley alianza maonyesho ya farasi jijini London, na sarakasi ya kisasa ikapata umbo lake la duara. Baadaye kipenyo kikatulia kwenye takriban mita 13. Farasi akizunguka hapo kwa mwendo sawa, mpandaji huweza kusimama mgongoni mwake akiwa ameinamia ndani, na watazamaji humwona kutoka pande zote.

Cirque Berserk, onyesho la Martin Burton na Julius Green wa Zippos Circus, lilitolewa hemani likapelekwa kwenye majumba ya tamthilia. Mwaka 2016 lilikuwa Peacock Theatre, ambako watazamaji wote hukaa upande mmoja. Kazi ya Timbuktu Tumblers, wanasarakasi kutoka Kenya waliokuwa katika onyesho hilo, inatufundisha mabadiliko hayo yanadai nini.

Tuanze na piramidi ya watu. Mbebaji hukunja magoti na kutanua miguu. Anayepanda hukanyaga paja karibu kabisa na nyonga, ili uzito ushuke kwenye mifupa na usiichoshe misuli. Hemani, piramidi nene hupendeza popote ulipokaa. Jukwaani, wa nyuma humezwa na wa mbele. Basi piramidi inayofaa hapo ni pana na bapa kama ukuta, na msisimko huhamia kwenye kasi: wanavyopandana, wanavyoshuka kwa kupinduka hewani. Kupita chini ya ufito unaowaka moto nako hukubali jukwaa, mradi ufito uelekezwe ili mgongo uliopinda uonekane kwa ubavu. Tufe la chuma ambamo waendesha pikipiki wa onyesho hilo huzunguka halina shida hiyo. Kila upande ni ule ule.

Ufundi huu naupenda bila kusita. Maudhui ndiyo yanayonikera. Timbuktu iko Mali, mbali mno na Kenya, na moto umewekwa pale kwa ajili ya kusisimua tu. Linganisha na Tulu, onyesho la Circus Abyssinia, kundi la ndugu wawili Waethiopia, Bibi na Bichu Tesfamariam. Hilo linamhusu Derartu Tulu, aliyeshinda mita 10,000 Barcelona mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Hapo jasho la mwanasarakasi linasimulia jasho la mwanariadha. Wakenya hawajakosa hadithi za namna hiyo, na Sarakasi Trust ya Nairobi imekuwa ikilea vipaji tangu 2001. Mtayarishaji wa London anayewaita wabebaji wao awaite na watunzi wao pia.